Ova Tupu za Jack Leach

Taunton, Alhamisi 12 Septemba 2024, usiku

Somerset, timu ya kriketi ya hapa Taunton, wamewapiga Surrey kwa mikimbio 111, muda wa mechi ukiwa umebakiza dakika chache tu, na sauti yangu imekauka. Kesho niko zamu ya asubuhi, lakini silali kabla sijayaandika haya. Tangu asubuhi hadi jioni nimekaa viti vya upande wa mto Tone, katikati ya watu waliobishana juu ya timu yao bila kupumua, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya jambo lililo karibu sana na moyo wangu: kazi ya mrushaji wa spini, anayeurusha mpira polepole ili ugeuke ukitua, kama Jack Leach wetu.

Niwaeleze kwanza mlio nyumbani, maana sisi tumezoea kriketi ya siku moja. Ligi ya kaunti za Uingereza, ambayo ni rasmi tangu 1890, ina timu 18 katika madaraja mawili, na mechi moja huchezwa siku nne. Kila timu hupiga mara mbili, yaani zamu mbili. Kuwa na mikimbio mingi kuliko mwenzako hakutoshi. Kwa kawaida ni lazima uwatoe wapigaji wake, kisha uwatoe tena, kabla muda haujakwisha. Usipoweza, mechi ni sare, hata uwe umemzidi mikimbio mia mbili. Ndiyo maana watu hubishana siku nzima juu ya saa na ova zilizobaki, kila ova mipira sita, kama wafanyabiashara wanavyobishana juu ya mtaji.

Somerset wamo katika ligi hii tangu 1891 na taji lake hawajalitwaa hata mara moja. Wamemaliza wa pili mwaka 2001, 2010, 2012, 2016, 2018 na 2019. Mwaka 2010 walilingana pointi na Nottinghamshire, wakalikosa kwa sababu wenzao walikuwa wameshinda mechi nyingi zaidi. Surrey ndio mabingwa wa 2022 na 2023, na mwaka huu ndio wanaoongoza tena. Kwa hiyo sare ya leo ingewatosha Surrey kabisa. Sisi haikutufaa kitu.

Ubishi wa asubuhi ulimhusu Tom Banton. Huyu kijana alipiga mikimbio 132 katika zamu ya kwanza, kisha akaumia kifundo cha mguu wakicheza kandanda ya kupasha misuli moto. Jana jioni wiketi tisa zilipokuwa zimeanguka, yaani wapigaji tisa wameshatolewa, akatoka akichechemea na kuingia wa mwisho kabisa, kuungana na Leach. Leo asubuhi wakaendelea. Mama mmoja wa Minehead, ambaye hukaa safu ya mbele yangu na chupa yake ya chai, alikasirika kwelikweli. "Jumamosi tuna siku ya fainali za T20, zile mechi fupi za ova ishirini, kule Birmingham," alisema. "Watamuua mguu mtoto wa watu kwa ajili ya mikimbio ishirini." Mzee wa Bridgwater aliye kando yangu, mtu anayeandika kila mpira kwa penseli katika daftari lake la alama, hakuinua hata uso. Alimjibu kwamba mikimbio ishirini ya mwisho ndiyo huwa inatafutwa saa kumi na moja jioni.

Mimi nilikuwa upande wa mzee, na bado niko. Ukitazama jinsi Banton alivyokuwa anasimama, uzito wote ameuweka mguu mzima, anaungoja mpira umfikie badala ya kuufuata, ungejua kwamba mtu huyu hakulazimishwa na yeyote. Mbio za kawaida zilimshinda, akawa anautafuta mpira wa kupeleka mpakani. Alifikisha 46. Somerset wakaishia 224, na Surrey wakaambiwa watafute 221. Mama wa Minehead alisimama akapiga makofi kama sisi sote, kisha akakaa na kurudia palepale alipoachia: Jumamosi je?

Halafu likaja suala la pichi, kile kipande cha ardhi mpira unapotua. Hili ni donda la zamani hapa. Pichi ya Taunton mwisho wa kiangazi hukauka, mpira ukitua unageuka, na wageni hulalamika. Mwaka 2019 Somerset walicheza na Essex hapahapa mechi ya mwisho ya msimu, wakihitaji ushindi ili wachukue taji. Mvua ikala muda. Siku ya mwisho nahodha wa wakati huo, Tom Abell, akaisusa kabisa zamu ya pili ya timu yake, akawapa Essex lengo dogo la mikimbio 63 kwa matumaini ya kuwatoa wote haraka. Essex wakafika 45 kwa wiketi moja, ikawa sare, taji likaenda Chelmsford, kwa Essex. Baadaye Somerset wakaadhibiwa kwa kukatwa pointi kwa sababu ya pichi ile.

Kijana mmoja aliyeketi nyuma yetu alisema leo kwamba tunajitafutia adhabu nyingine, kwamba kukausha pichi ili Leach na mwenzake wa spini Archie Vaughan wapate mzunguko ni kujipendelea. Hapo sikuweza kunyamaza. Mwezi wa Aprili nchi hii hucheza kriketi juu ya nyasi mbichi, hewa nzito, mpira unayumba, na mrushaji wa kasi wa wastani tu anavuna wiketi tano kabla ya chai. Hilo wanaliita kriketi ya Kiingereza, na hakuna mkaguzi anayetumwa. Mpira ukianza kuzunguka Septemba, watu wanakuja na kalamu na fomu. Nilimwambia hivyo hivyo. Pichi inayowapa spini nafasi si pichi mbovu. Shakib Al Hasan wa Bangladesh, ambaye Surrey walimleta kwa mechi hii, amechukua wiketi tisa juu ya udongo huohuo. Ardhi ilikuwa moja kwa wote.

Mzee akaongezea la kwake, kwamba watu wa Somerset wangekosa la kubishania wangelitafuta kwa tochi. Akanisimulia tena habari za 1986, timu ilipowaacha nyota wake Viv Richards na Joel Garner, Ian Botham naye akaondoka kwa kuwaunga mkono, na wanachama wakaitana mkutano mkubwa Shepton Mallet kupiga kura. Kamati ikashinda. Miaka inakaribia arobaini na bado wapo ndugu wasioelewana kwa kura ile. Richards alikuwa amepiga mikimbio 322 kwa siku moja uwanjani hapa mwaka uliotangulia tu, dhidi ya Warwickshire. Kila mzee anayenisimulia habari hii huongea kama imetokea juzi.

Mchana ulikuwa mgumu. Surrey walijifungia. Dom Sibley alisimama pale kwa saa nyingi akizuia, bati limeshikwa laini, mpira unadondoka miguuni pake na kufia hapo. Leach akirusha, ova inaisha, ubaoni hakijabadilika kitu. Ova tupu. Nyingine tena tupu. Na hapo ndipo watu walipoanza kumgeukia Leach. Kijana wa nyuma akataka walete warushaji wa kasi. Mwingine akasema nahodha Lewis Gregory amelala. Mwingine akauliza kwa nini Shoaib Bashir, mrushaji wa spini wa timu ya taifa na mali ya Somerset, hayumo kikosini wakati tunahitaji wiketi hapa. Wawili watatu walifunga mabegi yao baada ya chai wakisema imeshakuwa sare hii, twendeni tukawahi barabara.

Nilikuwa namtazama Leach mwenyewe. Hatua zake ni fupi, chache, za namna moja. Mkono wa kushoto unapita karibu na sikio, vidole vinaukwaruza mshono, na mpira unarudi kutua palepale, sehemu iliyochimbwa na viatu vya siku nne. Mara unageuka sana, mara unapita moja kwa moja. Mpigaji aliyeuzuia salama mara thelathini bado hajui wa thelathini na moja utafanya nini, na ugumu wake ni kwamba lazima aucheze. Hapumziki. Upande wa pili yuko Vaughan, mtoto wa miaka 18, naye hapewi ruhusa ya kuachia mikimbio rahisi, maana akiachia, kazi ya Leach inamwagika. Bandu bandu huisha gogo. Ova tupu si ova iliyopotea, na hili ndilo nililokuwa namwambia kila aliyetaka kusikia.

Nimelijua hili tangu mwaka 2003, kwetu Mombasa, mbele ya televisheni ya jirani. Kenya ilikuwa imewafunga Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana, Collins Obuya akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na tukaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Obuya ndiye aliyeimbwa mitaani, na kaunti moja ya Uingereza, Warwickshire, ikamchukua mwaka uleule. Alistahili. Lakini kilichonishika mimi ni Aasif Karim kule Durban dhidi ya Australia. Mtu mzima wa karibu miaka arobaini, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa ameshastaafu akaombwa arudi. Mkono wa kushoto, kama Leach. Australia walikuwa timu kali kuliko zote duniani na walihitaji mikimbio michache tu. Karim akarusha ova nane na mipira miwili, ova sita zikiwa tupu, akatoa mikimbio saba, akachukua wiketi tatu, nahodha wao Ricky Ponting akiwemo. Mechi tulishindwa. Marehemu baba alikaa ameshika magoti muda wote ule, akihesabu ova tupu kwa sauti, kama anahesabu mabao. Kwa hiyo mtu akiniambia Leach hafanyi kitu kwa sababu ubao hausogei, namwona hajafundishwa kutazama.

Mdogo wangu alinitumia ujumbe kutoka Likoni saa za chai: "Dada, bado mnacheza tu? Siku ya nne?" Nikamjibu angoje.

Surrey walikuwa 95 kwa wiketi tatu. Jua lilikuwa limeshuka, kivuli cha jukwaa kimefika karibu na pichi, na wachache waliobaki tulikuwa tumesogea mbele bila kuambiana. Ndipo wakaanza kuanguka. Mmoja, wa pili, tukatazamana. Mzee wa Bridgwater aliacha kuandika, jambo ambalo sijawahi kuliona, akampa mama wa Minehead daftari amshikie. Gregory akawa anawaleta wadakaji karibu zaidi kila wiketi ilipoanguka, mpaka mwishowe timu nzima ikawa imemzunguka mpigaji mmoja, uwanja mzima uliobaki ukiwa mtupu, hakuna mtu mpakani hata mmoja. Nani atahangaika na mpaka wakati mwenzako hataki mikimbio, anataka saa iishe tu? Kila mpira uwanja mzima ulimlilia mwamuzi.

Wiketi saba za mwisho za Surrey zilianguka kwa mikimbio 14. Wote nje kwa 109. Leach amechukua tano, Vaughan tano, na ukichanganya na sita zake za zamu ya kwanza yule mtoto ana kumi na moja. Ilipoanguka ya kumi nilijikuta nimemkumbatia kijana wa nyuma, yuleyule aliyetaka Leach atolewe, naye alikuwa analia waziwazi. Sikumkumbusha alichosema mchana. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote kwa sababu aliogopa kupoteza tena, na mtu aliyezaliwa mji huu ana haki ya kuogopa.

Sasa tuko pointi nane nyuma ya Surrey, mechi mbili zimebaki. Jumamosi fainali za T20 pale Edgbaston, Birmingham, na tarehe 22 fainali ya kombe la ova hamsini dhidi ya Glamorgan. Vikombe vitatu vyote bado viko wazi. Mama wa Minehead tayari ameanza kuhesabu nani achezeshwe na nani apumzishwe, na kuhusu Banton namwelewa, asipangwe kama mguu haujapona.

Tulipokuwa tunatoka, mzee akasema kwa mechi ijayo na Lancashire pichi ya Old Trafford haitatupa mzunguko kama huu, kwa hiyo Gregory apange warushaji wa kasi zaidi na Vaughan akae benchi, bado mdogo. Nikamwambia mtoto aliyewatoa mabingwa kumi na moja katika mechi moja haketi benchi popote, na kwamba anayepanga kumwondoa ajitokeze aseme jina lake. Akacheka, akasema nimeshakuwa mtu wa Somerset kamili. Tukabishana hivyo hadi kituo cha basi, na basi lake lilipofika alikuwa bado ananionyesha kwa vidole wapigaji wa mkono wa kushoto wa Lancashire. Kikosi kitatangazwa wiki ijayo. Mimi nasema wote wawili, Leach na Vaughan.