Kiswahili kingetosha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Matendo 2:1-11.

Pentekoste ilikuwa sikukuu ya mavuno kabla ya kuwa hii tunayoijua. Wayahudi walipanda kwenda Yerusalemu na malimbuko ya ngano. Huku Ugogo huangukia wakati wa kuvuna uwele na mtama.

Wengi waliojaa mjini siku ile walikijua Kigiriki, na lugha hiyo moja ingetosha kabisa. Roho hakupita njia hiyo ya mkato. Kila mtu alisikia lugha aliyozaliwa nayo.

Jumapili ya mavuno kanisani kwetu kulikuwa na madebe ya uwele, maboga, na kuku waliofungwa miguu wakilalamika katikati ya mahubiri. Ngoma za muheme zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ngozi zikaze. Akina mama wakaingia nazo. Bibi mmoja akaibana yake kwa magoti, akaipiga kofi moja, akatega sikio, akatikisa kichwa, akairudisha juani. Ibada ikamsubiri! Aliporudi waliimba kwa Kigogo, na mimi niliyezaliwa Mvumi, huku huku Ugogo, nikawa nachezesha midomo tu.

Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876. Wema wao siukani, shule zao zimetusomesha. Injili waliitafsiri kwa Kigogo, wakalichukua na jina la Mulungu, ambalo wazee walikuwa wakiliita wakiomba mvua. Ila muheme, kwa kuwa ulipigwa kwenye unyago wa wasichana, wengi waliuona ushenzi. Jina likaingia kanisani, ngoma ikabaki mlangoni.

Sasa imeingia, nami nafurahi, ingawa mara nyingine naona tunaitoa akija mgeni rasmi tu, kama pambo. Pia Dodoma ya leo si ya Wagogo peke yao. Kwenye benchi langu huketi Mrangi, Msandawe na Mhaya. Orodha ya Luka katika Matendo nayo ni ndefu, kuanzia Waparthi hadi Waarabu, na hakuna aliyeambiwa arudi kwao kwanza.

Wimbo ulipokwisha yule Mhaya akaniinamia: "Wamesema nini?" Nikakohoa. Baada ya ibada akamfuata bibi mwenyewe, naye akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kiganja bado kiko juu ya ngoma: "Mvua, baba. Tumemshukuru kwa mvua."

Jumamosi naenda kwake. Amesema nije na daftari.