Mwezi mmoja chini ya taa ya bluu

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye kibaraza cha nyumba ya bibi yangu, Ngamiani, hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni mabibi harusi na dada zao. Mteja akija kupimwa napiga magoti mbele yake, futi shingoni, naye ananitazama usoni kwa karibu. Kwa miaka minne uso huo ulijaa chunusi, zile kubwa zinazouma hata ukiegemea mto. Kila iliyokauka iliacha doa jeusi. Chunusi yenyewe huisha baada ya wiki moja au mbili, doa hukaa miezi. Aliyepitia haya anajua kwamba usiku mbele ya kioo huhesabu madoa, wala si chunusi.

Bibi alinipaka kila alichokijua: liwa, manjano, na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Liwa ilinipoza ngozi na harufu yake naipenda hadi leo. Mafuta ya nazi yalinizidishia vipele, ila sikuwa na moyo wa kumwambia. Duka la dawa wakanipa doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza. Rafiki zangu wawili wakanishauri mkorogo wa kuchubua ngozi, nikakataa kabisa, kwa sababu nimeuona uso wa mtu aliyeutumia miaka kumi.

Mwaka jana saluni moja hapa mjini ikaleta maski ya taa ya kutibu chunusi. Ni plastiki nyeupe yenye umbo la uso, ndani imejaa vitaa vidogo vya LED. Dakika 20, mara mbili kwa wiki, shilingi 15,000 kila mara. Nililala kitandani macho nimeyafumba, na bado ule mwanga wa bluu niliuona kupitia kope. Hakuna aliyenipa miwani. Hakuna aliyeniuliza kama kuna dawa ninayomeza. Nilikwenda mara nane.

Chunusi zilipungua, tena sana, na hilo siwezi kulikana. Kidevuni zilikuwa hazikosi saba au nane, zikabaki mbili. Lakini madoa yalikolea. Hata yale ya zamani, yaliyokwisha kuanza kufifia, yalirudi meusi. Bibi alinishika kidevu akanigeuza kuelekea mlangoni. "Mjukuu wangu, hiyo taa imekuunguza?" Sikuwa na jibu.

Nikaenda hospitali kwa daktari wa ngozi. Alikuwa amesomea hospitali ya KCMC, Moshi, ambako tangu miaka ya 1990 wanafundishwa wataalamu wa ngozi wa ukanda wetu, na ambako ilianza kutengenezwa krimu ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Alivuta mapazia, akazima taa, akawasha kitaa chenye mwanga hafifu wa zambarau kiitwacho taa ya Wood, kisha akanipa kioo. Puani na kwenye paji la uso niliona vinukta vingi vya rangi ya chungwa, vinang'aa kama makaa yaliyofunikwa majivu. Nilishtuka. Sikujua kwamba usoni mwangu mna kitu kinachong'aa.

"Hiyo ni porfirini," akasema. Bakteria wa chunusi, Cutibacterium acnes, huitengeneza wenyewe wakiwa ndani ya vitundu vya ngozi. Porfirini ikipigwa na mwanga wa bluu wa takriban nanomita 415 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake), huunyonya, kisha huzalisha oksijeni kali inayomuua bakteria yule yule aliyeitengeneza. Kwa hiyo saluni hawakunidanganya: taa ile inafanya kazi.

Shida ni kwamba mwanga huo huo huamsha chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na ngozi ya kahawia huitikia haraka. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa waliulinganisha mwanga wa nanomita 415 na mwekundu wa nanomita 630. Wa bluu uliacha weusi uliodumu hadi miezi 3. Mwekundu haukuacha. Niliposikia hivyo nilihisi machozi, kwa sababu madoa ndiyo yaliyonipeleka saluni.

Daktari hakuitupia taa lawama zote. Doksisaiklini nayo huifanya ngozi iungue upesi juani, na mimi nilikuwa naimeza huku nikienda soko la Mgandini saa sita mchana. Duka la dawa halikuniambia, saluni hawakuuliza.

Usiku ule nilisoma kwenye simu mpaka bando likaisha. Mwaka 2000 huko Uingereza walitibu watu wenye chunusi za kawaida kwa bluu na nyekundu pamoja, na baada ya wiki 12 vipele vyenye uvimbe vilipungua kwa asilimia 76. Nyekundu huingia ndani zaidi na kutuliza uvimbe. Halafu mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, wakakusanya tafiti 71 za tiba za mwanga kwa chunusi zenye watu 4,211, wakaona ushahidi mzuri bado ni haba. Na mwaka 2019 kampuni ya vipodozi ya Neutrogena iliiondoa maski yake ya taa sokoni kwa tahadhari ya macho, kwa ajili ya wenye maradhi fulani ya macho na wanaotumia dawa zinazoyafanya macho yadhurike na mwanga. Nilikumbuka kope zangu chini ya ile bluu.

Sasa natumia dawa mbili za chunusi za kupaka: adapalini usiku na benzoili peroksaidi asubuhi. Wenzangu mafundi, benzoili peroksaidi huondoa rangi ya nguo! Imeniharibia foronya mbili na pindo la kitenge cha mteja, nikalipa. Mchana napaka krimu ya jua yenye rangi, ile iliyotiwa oksidi ya chuma, maana krimu nyeupe ya kawaida haizuii mwanga tunaouona kwa macho. Huu ni mwezi wangu wa tano nikizitumia. Madoa ya mashavuni yamefifia, ya kidevuni yanakwenda polepole.

Wiki iliyopita alikuja binti kupimwa gauni la harusi ya dada yake. Uso wake ulikuwa uso wangu wa mwaka jana. Aliniuliza, kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie, kama ile saluni inasaidia. Niliacha kupima. Nikamwuliza anameza dawa gani, na kama vipele vyake huacha madoa. Akanionesha shavu bila kusema neno. Nikachukua kipande cha karatasi ya kukatia patani, nikamwandikia jina la kliniki na siku za daktari, na chini yake: "Ukitaka taa, mwulize kwanza kuhusu nyekundu, 630." Aliikunja mara nne akaitia kwenye mkoba. Gauni lake nalikabidhi Ijumaa.