Nilivyoielewa r kwa kalamu na karatasi

Kompyuta ilinipa r ya −0.13, ile namba inayopima jinsi vitu viwili vinavyoendana. Nilikuwa nimejaza safu mbili za namba, nikabonyeza, jibu likatokea papo hapo. Safu ya kwanza ilikuwa saa za mazoezi ya hesabu kwa wiki, ya pili ni maswali ambayo mtu alipata kati ya 10. Lilikuwa jaribio la awali la utafiti wangu, watu watano tu, kabla sijaanza kazi yenyewe. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mazoezi na matokeo karibu hayahusiani, na kama yanahusiana basi ni kinyume kidogo. Nikaipeleka kwa mwalimu anayenisimamia.

Hakubishana nami. Aliweka kidole kwenye ile alama ya kutoa, akauliza, "Hii hasi imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye programu, mwalimu."

"Na programu imeitoa wapi? Nenda kaikokotoe kwa mkono, uniletee karatasi."

Nilitoka pale nimenyong'onyea, kwa sababu alikuwa amenigusa penyewe. Jina la kipimo nilikuwa nalijua: uwiano wa Pearson, ile herufi r. Nilijua inaanzia −1 hadi 1, kwamba chanya maana yake vitu viwili vinapanda pamoja, na hasi maana yake kimoja kikipanda kingine kinashuka. Nilikuwa nimeyajibu hayo kwenye mitihani. Lakini kinachofanyika kati ya namba zangu na lile jibu sikukijua hata kidogo, na kanuni yenyewe, na zile alama zake za jumla na kipeuo, nilikuwa naikariri kama mtu anayekariri wimbo wa lugha asiyoielewa.

Usiku ule nikachukua madodoso yenyewe, zile karatasi walizojaza watu kwa mikono yao, nikaanza upya. Saa za mazoezi: 2, 4, 5, 6, 8. Wastani wake 5. Maswali waliyopata: 3, 5, 4, 8, 10. Wastani wake 6.

Kabla ya kukokotoa chochote nikachora grafu ya nukta, saa kwa mlalo, maswali kwa wima, nukta moja kwa kila mtu. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya darasani: nikapiga mstari wa wima pale kwenye 5, na mstari wa mlalo pale kwenye 6. Ile mistari miwili ya wastani ikaigawa karatasi katika vyumba vinne. Na hapo ndipo kanuni ilipofunguka.

Chumba cha juu kulia ni cha watu waliozidi wastani kwa vyote viwili, mazoezi na maswali. Chumba cha chini kushoto ni cha waliopungukiwa kwa vyote viwili. Vile vingine viwili ni vya wale waliozidi huku na kupungua kule. Sasa kwa kila mtu, chukua umbali wake na wastani wa saa (chanya akizidi, hasi akipungua), uzidishe kwa umbali wake na wastani wa maswali. Aliye juu kulia ana chanya mara chanya, anatoa chanya. Aliye chini kushoto ana hasi mara hasi, naye anatoa chanya. Wa vyumba vile vingine wanatoa hasi. Ukijumlisha yote, ni kama kura: vyumba vya mshazari unaopanda vinavutia upande wa chanya, vya mshazari unaoshuka vinavutia upande wa hasi. Tena si kura zenye uzito sawa. Aliye mbali na wastani ana sauti kubwa kuliko aliye karibu nao.

Miaka yote niliyosoma hakuna aliyenichorea ile mistari miwili. Naamini somo hili lingeanzia hapo, kanuni ikaja baadaye, watu wengi wasingeiogopa takwimu.

Basi nikakokotoa. Tofauti na wastani kwa saa: −3, −1, 0, 1, 3. Kwa maswali: −3, −1, −2, 2, 4. Mazao yake: 9, 1, 0, 2, 12. Yule wa tatu amekaa juu ya mstari wenyewe, hana anachochangia. Jumla ni 24.

Je, 24 ni nyingi au ni kidogo? Swali hilo lilinikalisha kwa muda. Nikajaribu kuzigeuza saa ziwe dakika. Watu ni walewale, mazoezi ni yaleyale, lakini jumla imeruka kutoka 24 hadi 1440. Kumbe jumla peke yake haisemi kitu, maana inabeba ndani yake kipimo tulichotumia. Ndiyo maana kanuni inagawanya. Unachukua tofauti za saa, kila moja unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha: 9 + 1 + 0 + 1 + 9 = 20. Za maswali vilevile: 9 + 1 + 4 + 4 + 16 = 34. Unazidisha 20 kwa 34, unapata 680, unatafuta kipeuo chake cha pili, takriban 26.08. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho ile jumla ya mazao ingeweza kufika kama nukta zote zingekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kwa hiyo 24 gawanya kwa 26.08 ni 0.92. Nikarudia kwa dakika, juu na chini vyote vikakua mara 60, jibu likabaki 0.92.

Lakini kompyuta ilisema −0.13!

Nikarudia hesabu mara mbili. Nikaitazama grafu: nukta mbili chini kushoto, mbili juu kulia, moja mstarini. Vyumba vya hasi ni vitupu. Hasi ingetoka wapi? Ndipo nikaifungua ile safu kwenye kompyuta na kuilinganisha na madodoso, mtu kwa mtu. Mtu wa tano, mwenye saa nyingi kuliko wote, alipata maswali 10. Mimi nilikuwa nimeandika 1. Sifuri moja haikuingia, na yule aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote akahamia chumba cha chini kulia, akawavuta wenzake wanne wote upande wake. Kutoka 0.92 hadi −0.13 kwa sifuri moja.

Nilikaa nikiitazama ile 1 kwa dakika kadhaa. Ripoti yangu ingewaambia watu kwamba mazoezi hayasaidii.

Kesho yake nilimpelekea mwalimu karatasi. Alifurahi, nikaona, ila hakuniacha hapo. Akanielekeza kwenye data alizotunga mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973: makundi manne ya namba, kila kundi jozi 11, wastani wake ni uleule, na r ya kila moja ni karibu 0.816. Nikazichora zote nne kwa mkono. La kwanza ni wingu la nukta linalopanda, kama unavyotarajia. La pili ni mkunjo laini kabisa, si mstari. La tatu ni mstari ulionyooka na nukta moja iliyotoroka. La nne, nukta 10 zimesimama wima kwenye thamani moja, na nukta moja ya mbali ndiyo inayotengeneza uwiano wote. Namba moja, hadithi nne. Tangu siku hiyo sijawahi kukokotoa r kabla ya kuchora.

Kuna jambo moja ambalo nadhani watu wengi wanalikosea, nami nilikuwa mmoja wao: kusoma r ya 0 kama "hakuna uhusiano". Chukua x kuanzia −3 hadi 3, na y iwe x mara x: 9, 4, 1, 0, 1, 4, 9. Uhusiano hapo ni kamili, ukijua x unaijua y bila kubahatisha. Kokotoa r, utapata 0 kamili, kwa sababu nusu ya kushoto inafuta nusu ya kulia. Kipimo hiki kinapima unyoofu wa mstari tu. Kuhusu mkunjo hakisemi kitu.

Nilimuuliza pia kama kuna kipimo kisichoyumbishwa hivyo na mtu mmoja. Akanitajia cha Spearman cha mwaka 1904, ambacho hakitumii namba zenyewe bali nafasi zake: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikakijaribu kwa data zangu zilizosahihishwa, kikatoa 0.9. Halafu, kwa kujifunza tu, nikaweka 100 badala ya 10. Cha Pearson kikashuka hadi 0.77, cha Spearman kikabaki 0.9 bila kutikisika, kwani mtu wa tano bado ni wa juu kabisa, iwe 10 au 100. Lakini nilipoirudisha ile 1 yangu ya makosa, hata Spearman alianguka hadi −0.1. Kosa linalobadilisha nafasi ya mtu halina dawa zaidi ya kurudi kwenye dodoso.

Niliandika ripoti upya. Nikaweka grafu kwanza, kisha r = 0.92, nikaongeza kwamba r mara r ni 0.85, yaani asilimia 85 ya tofauti za maswali kati ya watu hawa zinaendana na mstari wa saa za mazoezi. Nilichunga neno "zinaendana". Huenda wanaofanya mazoezi sana ni wale waliokuwa wakipenda hesabu tangu mwanzo, na kupenda huko ndiko kunakoleta saa nyingi na maswali mengi kwa pamoja. Hesabu yangu haiwezi kulitenganisha hilo.

Mwalimu aliisoma yote mbele yangu. Alipofika mwisho akachukua kalamu, akazungushia duara palipoandikwa idadi ya watu: 5. Akanionyesha jedwali. Kwa jozi 5, r lazima ipite 0.878 ndipo uweze kusema, kwa kiwango cha asilimia 5, kwamba si bahati tu. Kwa jozi 10 inatosha kupita 0.632, kwa jozi 30 ni 0.361. Yangu ilikuwa imepita, lakini kwa upenyo mdogo, na watu watano ni watano tu.

"Hesabu sasa unaijua," akasema. "Kaniletee watu."

Nikachapa madodoso mengine 25.