Panya wa mlangoni kwa bi mkubwa

Idi hii nimeenda Tanga na kitinda mimba tu, mama yake alikuwa na zamu kazini na yule mkubwa siku hizi hataki kuongozana na baba, wenye watoto wa umri ule mnanielewa. Tumefika Ngamiani saa tisa mchana miguu imevimba kwa basi, bi mkubwa katutandikia mkeka uani, chai sijafika nusu kikombe namsikia mtoto huko ndani anauliza, "Bibi, nani katoboa mlango wako?"

Mliowahi kufika pale mnaujua. Mlango wa chumbani kwake, wa plaiwudi, na usawa wa kifua cha mtu mzima kuna kipande cha bati la debe kimepigiwa misumari midogo pande zote nne, kikapakwa rangi ambayo haikufanana na ya mlango toka siku ya kwanza.

Bi mkubwa hakufikiri hata. "Panya."

"Panya, bibi? Juu kote kule?"

"Panya wa zamani walikuwa wakubwa."

Mtoto akacheka, na mimi nikacheka. Bi mkubwa akaendelea kuchambua mchele wake kichwa chini, na mimi ile chai ikanishinda.

Panya ni mimi.

Wakati ule nilikuwa baunsa, nasimama mlangoni disko Ijumaa na Jumamosi, na siku zilizobaki napiga tizi kwa kocha. Tulipaita jimu lakini ulikuwa ua wa nyumba yake, vyuma vyenyewe gia za malori ya kukatwa na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yameunganishwa kwa bomba la maji, benchi la mbao limevalishwa gunia. Ukutani kocha alibandika picha ya Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada, aliyoikata kwenye gazeti, ile ya Olimpiki ya Seoul 1988, anamaliza mita mia kwa sekunde 9.79 kidole kiko juu. Siku tatu baadaye alinyang'anywa medali, mkojo wake ulikutwa na stanozolo, dawa ya kujaza misuli. Mtu mwingine angeibandika picha ile kama onyo, ila kocha kwake ilikuwa tangazo. "Mnaona kazi ya dawa? Dunia nzima ilimwona mgongo!"

Basi na mimi nikataka kuonwa mgongo. Dawa zilikuwa zinakuja na jamaa wa magari ya Mombasa, kupitia mpakani Horohoro. Kulikuwa na Sustanon, kichupa cha mililita moja tu, testosteroni, homoni ya kiume, imewekwa kwenye mafuta ya karanga, nzito, inasukumwa taratibu na tako linauma siku mbili. Hospitali mwanaume aliyepungukiwa homoni anachomwa moja kila baada ya wiki tatu hivi. Mimi sikupungukiwa chochote na nilikuwa nachoma mbili kila wiki, na juu yake vidonge vya pinki ambavyo jina lake mpaka leo silijui mana vilikuja kwenye kopo la maziwa ya mtoto.

Miezi mitano nikatoka kilo 68 nikafika 84. Mgongo ulijaa chunusi kama mtu aliyelalia mtama, lakini shati likivaliwa nani anaona mgongo. Hayo ya mwili kocha alituambia. La kichwani hakusema, sijui alikuwa halijui au aliona halina haja. Nilikuwa nalala masaa manne naamka mzima, mawazo yanakimbia, nina mipango ya kufungua jimu tatu Tanga nzima na mfukoni sina elfu tano. Na siku moja nilimkimbiza mtu wa baiskeli toka barabara ya nane mpaka ya kumi na tano kwa sababu kanipigia kengele. Mnajua Tanga na baiskeli, ukiamua kugombana na kengele hutalala. Ila ile hasira mwenyewe sikuijua kuwa ni hasira, mana kila mara nilikuwa na haki. Kila mara!

Sasa huo usiku. Ramadhani ya 2006, kumi la mwisho, mwaka wa mgao wa umeme, mabwawa yamekauka, mtaa mzima koroboi. Mimi sifungi. Mtu wa milo sita atafungaje? Nilikuwa naweka trei ya mayai chini ya kitanda, nachemsha kumi wenzangu wakila daku, mchana nayala nimejifungia chumbani kama mwizi. Bi mkubwa alikuwa anajua na hakuwahi kusema neno.

Nimerudi toka kwa kocha, nainama chini ya kitanda, trei ina mashimo sita. Nyumba nzima inanukia hiliki. Jikoni nakuta sufuria imewekewa makaa chini na juu ya mfuniko, nikaelewa kabla sijaambiwa.

"Nimeazima mayai yako sita, mwanangu," akasema. "Nawapikia mkate wa mayai hapo jirani, wamefiwa. Kesho nakurudishia."

Alisema kwa upole tu, anafuta mikono kwenye kanga. Nilichomjibu naona aibu kukiandika hata leo. Nilimwambia hajui mwili huu unanigharimu nini, nikamwambia ananirudisha nyuma, kwamba humu ndani hakuna anayetaka nifike popote, na maneno mengine ambayo mdogo wangu aliyasikia akiwa uani na hajawahi kunikumbusha. Kwa mayai sita. Nasikia sauti yangu inapanda na kuna mtu kama amekaa kando humu humu ndani yangu anashangaa, huyu mbona anapiga kelele, lakini huyo wa kando hakuwa na nguvu ya kushika chochote. Masikio yakawa yanavuma. Nikapiga ndoo teke.

Bi mkubwa akachukua koroboi, akanipita, akaenda chumbani kwake. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kulala, mlango ukarudi, halafu nikasikia komeo. Ni la chuma, lina kutu, ukilisukuma linakwaruza kwanza ndo linagonga. Likakwaruza. Likagonga.

Mama yangu ananikomea mimi.

Kuamua sikumbuki. Ninachokumbuka mkono uko ndani ya mlango mpaka karibu na kiwiko, na mwanga wa koroboi unapenya pembeni yake kama uzi. Nataka kuutoa hautoki. Plaiwudi ukiitoboa inakuruhusu kuingia, lakini meno yake yote yanaelekea kule ulikokwenda, ukirudi nyuma yanakuchoma. Nikavuta, nikapiga ukelele ambao sidhani kama ulikuwa wa mtu wa miraba minne.

"Usivute," bi mkubwa akasema kwa upande wake. Sauti ile ile aliyosemea mayai. "Tulia. Legeza vidole."

Nikasikia mkono wake umeshika wangu, mdogo, wa baridi, una unga bado. Akaanza kuvunja yale meno moja moja kuzunguka mkono, tak, tak, yanadondoka sakafuni. Nikasikia maji. Nikasikia kitambaa kinachanwa, halafu kanga inazungushwa kwenye vidole, kwenye kiganja, inapanda. Na mimi huku nje nimesimama paji la uso limeegemea mlango, natweta, msikitini wako kwenye tarawehe sauti ya imamu inakuja na kupotea, na mkono wangu uko chumba kingine unauguzwa bila mimi. Dakika ngapi sijui. Mkate ukaanza kuungua, harufu tuliisikia wote wawili, hakuna aliyesema kitu.

Alipomaliza akausukuma mkono nje taratibu, kama mtu anayerudisha sahani kupitia dirishani. Nikasubiri afungue. Nikasubiri sana. Hakufungua mpaka daku, na alipofungua akauliza kama nimeshachemsha mayai yangu.

Ingekuwa stori ya kutunga ningesema niliacha usiku ule. Jumatatu nilichoma tena, kwa mkono wa kushoto, mana wa kulia ulikuwa na bandeji.

Niliacha mwaka uliofuata, na wala haikuwa kwa kujuta, hela iliisha na chuchu zilianza kuvimba zikawa zinauma hata shati likigusa, nikajua ni saratani. Daktari aliyeniona alikuwa mzee mmoja wa maneno machache. Akasema dawa ikizidi mwili unageuza sehemu yake kuwa homoni ya kike, ndo hayo maziwa yako. Halafu akanieleza ya kichwani: kuna tezi ndogo chini ya ubongo, kazi yake ni kuamrisha korodani zifanye kazi, ikiona testosteroni imejaa tele inanyamaza. "Ukiletewa unga wa mashine kila siku," akasema, "nani nyumbani atatwanga? Kinu kinaota utando. Sasa umeacha kuleta unga, na kinu hakijaamka."

Hakijaamka kweli. Miezi minne nililala. Kilo zikapukutika, kazi ya mlangoni nikaachishwa, na nikawa nakwenda Raskazone jioni kukaa peke yangu kutazama maji, nawaza vitu ambavyo siandiki hapa mana huyu wa maswali ameshajua kusoma. Bi mkubwa alikuwa anamtuma mdogo wangu anifuate kwa mbali, nilikuja kujua baadaye sana. Wengi wanarudia sindano kipindi kile kile, misuli hawana habari nayo tena, wanatafuta tu kuweza kuamka kitandani. Mmoja wetu pale kwa kocha alirudia mara nne. Mimi sikurudia na wala si ushujaa, sikuwa na hela.

Kwa miaka nimekuwa na jibu langu moja, dawa. Ile haikuwa mimi, ilikuwa dawa. Jibu zuri, linalaza mtu usingizi. Halafu nikakutana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, wa akina Harrison Pope, waliwachoma wanaume testosteroni mpaka miligramu 600 kwa wiki, kwa zamu na dawa bandia bila mtu kujua wiki hii kachomwa nini. Waliomaliza walikuwa 50. Kati yao 42 karibu hawakubadilika tabia. Sita wakachangamka kupita kawaida, wawili wakapanda kweli kweli. Najua mtaani tunachanganya vitu na dozi hazina mpimaji, na kichwani mle kwenye sehemu za hasira homoni hii ina pa kukaa, hilo halina ubishi. Lakini wale 42 wananikaa kooni. Nikitaka kujiweka kwenye wale wawili nani atanizuia, ila kila nikitaka namkumbuka marehemu mzee wangu, baba.

Mana lile komeo halikuwekwa kwa ajili yangu. Lilikuwepo toka niko darasa la pili, fundi aliitwa mzee akiwa safarini, na hatukuambiwa kwa nini chumba cha watu wazima kinahitaji komeo la ndani la chuma. Na mzee maisha yake yote hakuchoma sindano yoyote zaidi ya kwinini.

2015 nilimpelekea bi mkubwa mlango mpya, mninga, nimeutoa Dar juu ya lori. Mpaka leo umeegemezwa koridoni, kautandikia kitambaa, anaanikia khanga. Nikimuuliza anasema, "Huu bado unafunga."

Basi Idi hii tumelala hapo. Mtoto kalala na bibi yake, mimi sebuleni kwenye kochi, joto, mbu. Kwenye saa nne na nusu hivi, taa zimezimwa, nikasikia likikwaruza. Halafu likagonga.

Labda hufunga kila usiku, mtu mzima, nyumba ya uani, vibaka wapo. Mdogo wangu anaishi naye, ni kumuuliza tu. Asubuhi tumekunywa naye chai, tumeongea bei ya mabati mpaka basi likaja.