Nilivyoufuata mtini kutoka Ngong Road hadi chini ya Corner Baridi

Mtu wa Mombasa akitaka kujua thamani ya jua, na aje Nairobi mwezi wa saba. Mawingu yanakaa kichwani tangu alfajiri, manyunyu yanakuja na kwenda, na ukipata joto la nyuzi 22 mchana ushukuru. Chumba nilichopanga kilikuwa na blanketi moja jepesi, na nilipoomba la pili nikaambiwa linalipiwa. Kwa bei ile, kwetu ningelala chumba chenye upepo wa bahari na chai ya asubuhi juu yake.

Lakini nilikuja kwa ajili ya mtini, na baridi hiyo ilikuwa sehemu ya jibu nililotafuta. Nilitaka kuona mti wa tini unaozaa nje kabisa, bila nyumba ya plastiki, na kuelewa ni hali gani ya hewa inayoupa raha. Kwetu Mombasa unakua haraka na kumtia mtu tamaa, kisha majani yanashikwa na kutu, madoa ya kahawia upande wa chini, yanapukutika yote, na matunda yanabaki uchi yakichacha kabla ya kuiva. Ni ule unyevu wa bahari. Mama yangu hafuturu bila tini, za pakiti kutoka Uturuki, na kila Ramadhani pakiti inapungua uzito huku bei ikipanda. Mti uliotajwa kwa kiapo ndani ya Qurani unastahili kuliwa mbichi walau mara moja kabla mtu hajafa.

Nilianzia kwenye vitalu vya miche vya kando ya Ngong Road. Kijana mmoja alinionyesha mche mrefu, mzuri, majani mazima yanayong'aa, akasema ni mtini halisi, shilingi 1,500. Nikalishika jani. Jani la mtini wa tini limegawanyika vidole kama kiganja, na ukilipitishia kidole linakwaruza kama msasa. Lile lilikuwa laini kama ngozi ya kiatu. Ulikuwa mti wa mapambo wa ukoo huohuo, ukoo wenye mikuyu na mugumo ambao Wakikuyu wanauheshimu, lakini ukiupanda kwa ajili ya tini utakufa ukingoja. Nilimwambia hivyo. Akashusha hadi 800, kana kwamba tatizo lilikuwa bei. Iliniuma, kwa sababu kuna mtu atakayeununua, aumwagilie miaka mitano, kisha aamini kwamba Nairobi haiwezi tini.

Aliyenisaidia ni mzee wa kitalu cha jirani aliyekuwa akisikiliza. Aliniambia nje ya Rongai, mji wa pembezoni mwa Nairobi, kuna mama ambaye miti yake inazaa kwelikweli, akanipa namba.

Matatu ya Rongai ilipandishwa nauli maradufu kwa sababu ya manyunyu. Kondakta alisema tu, "Mvua, mzee," na abiria wote wakatoa pesa kimya kimya. Hilo sitalizoea. Mvua ya Nairobi inamwagilia mashamba bure lakini barabarani inauzwa.

Mama alinipokea langoni. Nilimsabahi shikamoo, akacheka kwa furaha, akasema, "Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Mombasa, hiyo sio ya huku." Alinipeleka kwenye mtini wa kwanza, katikati ya ua, mkubwa, majani mapana. Ulikuwa umejaa matunda ya kijani, magumu kama mawe. Nilivunjika moyo, na aliona.

"Hayo yalitoka mwezi wa nne," akasema. "Yatakaa hivyo hadi Septemba. Usiangalie hayo, njoo huku nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta wa mawe unaotazama kaskazini magharibi, na mtini wa pili ulikuwa umeegeshwa karibu nao kiasi kwamba baadhi ya matawi yaligusa mawe. Tukasimama hapo muda mrefu, na ningesimama hadi usiku. Mti mmoja, shina moja, maji yale yale. Matawi ya upande wa nje yalikuwa na tini za kijani zilizosimama wima. Matawi yaliyougusa ukuta yalikuwa na tini zilizolegeza shingo, zimeinamia chini, ngozi yake ya zambarau imepasuka mistari myembamba myeupe, na kwenye jicho la moja, kile kitundu cha kitakoni mwa tunda, limesimama tone la utomvu mzito kama asali. Mama aliweka kiganja changu ukutani. Ilikuwa saa kumi jioni, jua lilikuwa limetoka kwa saa moja tu, na mawe bado yalikuwa ya moto.

Nairobi ni kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa saba jua linapita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama huko unakula kila dakika ya jua inayopatikana, kisha unaurudishia mti joto usiku, wakati hewa imeshuka hadi nyuzi 11 au 12. Mama hakulisoma popote. Aliona tu tini za ukutani zinatangulia, msimu baada ya msimu.

Alinikatia moja. Maziwa meupe yakatoka kwenye kikonyo, akaniambia nisiyaguse, yanawasha. Ndani ilikuwa nyekundu, laini, tamu, ingawa si tamu ya kupindukia. "Hii ni ya Julai," akasema. "Rudi Januari. Ya Januari ina sukari mpaka nyuki wanapigana nayo."

Kazi yake yote inalenga Januari hiyo. Anapogoa mwishoni mwa Agosti, kwa sababu zao kuu la mtini linatoka kwenye matawi machanga. Mvua za Oktoba na Novemba zinayasukuma matawi, matunda yanatokea, na yanaiva kwenye kiangazi kifupi cha Januari na Februari, jua kali na hewa kavu. Yakichelewa yakakutwa na mvua za Machi, yanapasuka, maji yanaingia kwa jicho, yanachacha na kujaa siafu. Kiangazi anamwagilia maji ya boza, anayonunua ghali, dumu moja kwa mti mara mbili kwa wiki juu ya matandazo mazito, na tunda likianza kulainika anapunguza. Anachuma lililoiva tu, maana tini ikitolewa mbichi haiendelei kuiva jikoni.

Nilimuuliza kuhusu nyigu, kwa kuwa niliambiwa bila nyigu hakuna tini. Hajawahi kuwaona. Miti yake ni Brown Turkey, aina inayozaa bila kuchavushwa. Wanaohitaji nyigu wao maalumu ni jamii ya Smyrna, zile zinazokaushwa Aydın huko Uturuki, ambako mvua inanyesha wakati wa baridi na majira ya joto yanapita karibu makavu.

Limuru nilipita pia, zaidi ya mita 2,000, ukungu na chai. Mtini niliouona huko ulikuwa na majani makubwa kuliko sahani na hakuna tunda lililokaribia kuiva.

Mama ndiye aliyenituma niteremke Magadi Road, ambako mkwe wake alipanda kipandikizi chake. Ukipita Kiserian ukafika Corner Baridi, upepo unakupiga kifuani, kisha barabara inaangukia Bonde la Ufa na kila kona unavua nguo moja. Magari ni machache. Nilimalizia kwa pikipiki, na bei niliyotajiwa sikuwa na nafasi ya kubishania, maana hapakuwa na mwingine. Karibu na Olorgesailie, kwenye mita kama 1,000 tu, mtini ulikuwa umesimama kando ya bomba la mifugo. Nusu ya majani yamejikunja, matunda madogo yameanguka kwa kiu. Lakini yale machache ya upande wa bomba yalikuwa yamenyauka tawini yakawa tini kavu, tamu kuliko zote nilizokula safari nzima. Joto lipo, ukavu upo. Kinachokosekana ni maji ya uhakika.

Hapo ndipo nilipoanza kuiwaza Voi. Treni ilinipitisha hapo wakati wa kuja, nami nilikuwa nimesinzia. Voi iko karibu mita 600, mbali na unyevu wa bahari, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni haba sana huku joto likibaki la kutosha bila ukali wa Magadi. Mti ukipogolewa mapema, kabla ya mvua za Machi na Aprili, matunda yataiva katikati ya ukavu huo mrefu, miezi mitano badala ya miwili ya mama wa Rongai. Kalenda yake naigeuza tu. Na shangazi yangu ana kisima huko.

Mama wa Rongai alinipa vipandikizi vya unene wa kidole, akavifunga kwa gazeti bichi, akakataa pesa. Alichokubali ni malipo ya tini nilizobeba. Nilimpigia shangazi simu nikiwa bado barabarani. Alisikiliza habari ya ukuta na ya kupogoa hadi mwisho, akasema ukuta wa jiko lake unatazama kaskazini na maji si tatizo. Kisha akaniuliza ndovu nitawafanyaje, maana mwaka jana walimmalizia mipapai usiku mmoja. Bei za waya wa umeme nimeshaanza kuziulizia, na bado ziko juu mno.