Kufundisha takwimu chuoni kwa kalamu ya kielektroniki: uzoefu wangu

Ninafundisha somo la utangulizi wa takwimu chuoni, katika ukumbi ambamo wanaoketi nyuma hawayaoni vizuri maandishi ya ubaoni, na kwa sababu hiyo kwa muda mrefu nilitegemea slaidi. Slaidi husomeka vizuri, lakini kanuni ya varianzi, yaani kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kuzunguka wastani, hutokea ukutani ikiwa imekwisha kukamilika, na mwanafunzi haoni ilikotoka wala ni hatua ipi iliyoitangulia nyingine. Nilitaka maandishi makubwa ya projekta yaende kwa mwendo wa chaki.

Kifaa chenyewe si cha kifahari. Ni kibao cha kielektroniki cha kuandikia, cha aina isiyo na kioo, kinachounganishwa na kompyuta mpakato kwa waya wa USB, pamoja na Xournal++, programu ya bure inayofungua faili la PDF na kukuwezesha kuandika juu yake. Mwanzoni mkono huwa mezani ilhali macho yako kwenye skrini, na mwandiko hupinda. Dawa yake ni mazoezi ya nyumbani kabla ya kusimama mbele ya watu. Kishikwambi chenye kalamu yake huondoa taabu hiyo, ila bei yake ni habari nyingine.

Siku hizi slaidi zangu nyingi zina data tu na nafasi tupu. Mfano ninaoupenda ni namba nane: 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7 na 9, ambazo wastani wake ni 5. Chini ya kila namba naandika mkengeuko wake kutoka kwenye wastani, kuanzia −3 hadi +4, na wanafunzi wanajumlisha wenyewe na kupata sifuri. Hapo naufuta mkengeuko mmoja, kwa kawaida ule wa 7, na kuwauliza ulikuwa ngapi. Hakuna anayehitaji kukumbuka, kwa kuwa mikengeuko saba iliyobaki jumla yake ni −2, hivyo uliofutwa hauna budi kuwa +2. Darasa likishaona kwamba mikengeuko saba ndiyo iliyo huru na wa nane umefungwa na mingine, kugawanya jumla ya miraba ya mikengeuko (kila mmoja ukizidishwa kwa wenyewe), yaani 32, kwa 7 badala ya 8 pale data inapokuwa sampuli hakubaki kuwa amri ya mwalimu. Jibu, yaani varianzi ya takribani 4.57, naliandika kwa wino wa rangi nyingine kando ya 4 inayopatikana kwa kugawanya kwa 8. (Uthibitisho kamili unadai aljebra zaidi, nami huuacha kwa kozi ya mbele.)

Kwenye uhusiano wa vigeu viwili natumia seti nne za data alizochapisha mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973, ambazo zimo tayari ndani ya programu ya R. Zote zina wastani wa x wa 9, wastani wa y wa takribani 7.5, kipimo cha uhusiano cha takribani 0.816, na mstari ule ule wa y = 3 + 0.5x. Naonyesha nukta bila mstari, kisha namkabidhi mwanafunzi kalamu auchore pale anapoona unafaa. Seti ya kwanza haina ubishi. Kwenye ya pili wengi huchora upinde, na kwenye ya tatu huupitisha mstari katika nukta kumi zilizonyooka na kuiacha ile moja iliyoruka juu. Ya nne huzua kelele: nukta kumi zimesimama kwenye x = 8, moja iko peke yake kwenye 19, na mwenye kalamu hunigeukia kuuliza achore nini. Ndipo ninapoweka mstari wa R juu ya michoro yao.

Mapendekezo ya wanafunzi yaliyokwenda kombo nayakata kwa mstari bila kuyafuta, ili asiyekuwepo naye aone njia iliyojaribiwa. Baada ya kipindi, faili la PDF hupitia kwa kiongozi wa darasa hadi kwenye kundi la WhatsApp, na kwa kuwa ni jepesi kuliko video, halimalizi bando la mtu. Umeme ukikatika tunarudi kwenye chaki, kisha napiga picha ubao na kuiingiza katika faili lile lile, kwenye ukurasa unaofuata.