Ubalda wa 1972: usiseme nakala imekatwa kabla ya kupiga hesabu

Wapo Waitalia wengi wanaolijua jina la Quel gran pezzo dell'Ubalda tutta nuda e tutta calda bila kuitazama filamu yenyewe. Jina ni refu kupita kiasi, lina vina, na linamtangaza Ubalda kuwa uchi na moto kabla hata taa za ukumbi hazijazimwa. Hadithi ya kichekesho hiki cha Kiitalia cha 1972 ni nyepesi: Olimpio (Pippo Franco) anarudi kutoka vitani kwa mkewe aliyefungwa mkanda wa chuma wenye kufuli, wa kumzuia asizini, kisha macho yanamhamia Ubalda, mke wa jirani, ambaye ni Edwige Fenech. Mavazi ya Zama za Kati yalifuata upepo wa Il Decameron, filamu ya mwongozaji Pasolini (1971). Baada yake watayarishaji wengi walikimbilia majoho na vitanda vya nyasi.

Mwongozaji Mariano Laurenti aliitengenezea kumbi za sinema, lakini filamu za aina hii zilipata maisha ya pili kwenye runinga. Hukumu namba 202 ya Mahakama ya Katiba ya Italia, mwaka 1976, iliruhusu vituo binafsi kurusha matangazo katika maeneo yao. Vituo vilihitaji filamu za bei nafuu za kujaza usiku, nazo zilikuwepo tele. Mwongozaji wa Marekani Quentin Tarantino ni mmoja wa wapenzi wa filamu hizi: jenerali katika filamu yake Inglourious Basterds (2009) anaitwa Ed Fenech.

Tatizo ni kwamba runinga iliyozitunza ndiyo iliyoziharibu. Sheria ya Italia namba 223 ya 1990 ilikataza kurusha filamu zilizozuiwa kwa walio chini ya miaka 18, na zilizozuiwa kwa walio chini ya miaka 14 zikasubiri saa nne na nusu usiku. Ili kushusha daraja la umri, filamu zilikatwa na kupelekwa tena kukaguliwa.

Ndiyo maana wakusanyaji huangalia urefu kwanza, na hapo wengi hukosea: nakala fupi si lazima iwe imekatwa. Sinema hupita fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, runinga ya Ulaya 25. Filamu ya dakika 90 ikiharakishwa hivyo huisha kwa dakika 86 na sekunde 24, bila kuondolewa hata fremu moja. Zidisha muda wa nakala yako kwa 25, gawanya kwa 24, ndipo ulinganishe.

Pima na upana. Picha ya sinema ikibanwa kwenye kioo cha 4:3 (umbo la runinga za zamani), mara nyingi kingo hupotea, na mwigizaji anayeshtuka pembeni hupotea pamoja nazo. Kwa vichekesho, hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa bega la Fenech.

Mwisho tumia masikio. Kwenye nakala ya runinga mazungumzo na muziki vimeshaunganishwa katika mkondo mmoja wa sauti, kwa hiyo mkasi ukipita katikati ya tukio, muziki nao huruka.